Shaba Isivuke Ukuta wa Jirani

Vifaa vinavyohisi na kutuma habari vimeingia mtaa wa Tena, Nairobi, kwa njia tatu. Ya kwanza ni usalama: korti za nyumba za Eastlands zimefungwa mageti, na juu ya geti kuna kamera inayopeleka picha kwenye simu za wakazi. Ya pili ni maji: kwa kuwa maji ya jiji huja kwa zamu, jengo zima hutegemea tangi lililo juu ya slabu, na kihisi kinachopima kina cha maji humwambia msimamizi lini awashe pampu. Ya tatu ni hewa, kwa maana mtaa ulio kando ya Outer Ring Road, na jaa la Dandora likiwa si mbali, una kila sababu ya kujua unavuta vumbi kiasi gani. Muuzaji wa Luthuli Avenue atakuambia jambo moja kuhusu vyote: hiki ni cha volti 5, kile ni cha volti 12, hakiwezi kumdhuru mtu. Kifaa kikiwa mezani, amesema kweli. Kikishafungwa mambo hubadilika, kwa sababu sasa kimeunganisha paa na sebule, tangi na soketi, na mara nyingi nyumba yako na ya jirani. Waya wa shaba uliowekwa kupitisha picha utapitisha pia volti 240 au radi ukipewa nafasi. Kwa hiyo ninachokuomba katika mwongozo huu ni kwamba, kabla ya kuuliza kifaa kinatumia volti ngapi, uulize kinaunganisha nini na nini.

Anza na erthi, maana kila kitakachofuata kinaitegemea. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Laivu huileta, nyutro huirudisha, na waya wa tatu hukaa bila kazi hadi siku laivu itakapogusa chuma kisichopaswa kuwa na stima. Siku hiyo waya huo unatakiwa kupitisha mkondo mkubwa wa kutosha kuikatisha brekari. Sasa piga hesabu. Tuseme erthi ya jengo lako ni fimbo moja iliyopigwa ardhini nyuma ya ukuta, na ukinzani wake na udongo ni omu 60, kiwango kisicho cha ajabu kwa fimbo moja. Gawanya volti 240 kwa 60, unapata ampea 4. Brekari ya soketi kwa kawaida ni ya ampea 20 au 32; kwake ampea 4 ni mtu anayepiga pasi tu, na haitakatika leo wala kesho. Wakati huo wote, kila chuma kilichofungwa kwenye erthi hiyo, pamoja na mlingoti wa kamera na sanduku la chuma ulilowekea rauta, kina karibu volti 240 kikilinganishwa na ardhi unayoikanyaga. Erthi uliyoiweka ili ikulinde ndiyo inayoisambaza hatari nyumba nzima.

Kinachoziba pengo hilo ni brekari ya kuvuja, ile mafundi wanayoiita RCD, yenye kitufe cha T na maandishi ya 30 mA. Haingoji mkondo mkubwa. Hulinganisha stima inayotoka kwa laivu na inayorudi kwa nyutro, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata stima ndani ya theluthi moja ya sekunde, au haraka zaidi mvujo ukiwa mkubwa. Kwa fimbo ile ile ya omu 60, miliampea 30 hazileti hata volti 2 kwenye chuma. Ndiyo maana, kama una pesa za kitu kimoja tu kabla ya kununua kihisi, nunua hiki. Fimbo bila brekari ya kuvuja ni ulinzi nusu. Brekari ya kuvuja bila fimbo bado itakata stima mtu anapoguswa, ila itamngoja aguswe kwanza.

Udongo wa Tena nao una tabia zake. Sehemu kubwa ya Eastlands hadi Embakasi ina ule udongo mweusi unaonata, ambao wajenzi huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi kwa sababu huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Kwa stima, tabia hiyo ina faida na hasara. Ukiwa umelowa, hupitisha mkondo vizuri kuliko mchanga au changarawe. Ukikauka hupasuka, udongo ukajitenga na fimbo, na sehemu ya juu ya fimbo ikabaki imezungukwa na hewa. Kipimo kilichochukuliwa Aprili, mvua ndefu zikiwa zimekolea, kinaweza kukupa namba ya kupendeza ambayo Februari haipo tena. Kwa hiyo mwambie fundi apime wakati wa kiangazi, na namba ya kiangazi ndiyo uihesabu kuwa yako. Chini ya udongo huo kuna mwamba, na pengine fimbo hugonga jiwe kabla haijazama yote. Fundi mwenye haraka huchukua msumeno akakata kilichobaki juu. Usimkubalie. Aipige mahali pengine, au aongeze fimbo ya pili umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe na kuziunganisha kwa waya wa shaba, au achimbe mtaro na kulaza utepe wa shaba ndani yake. Mahali ambapo maji ya kufulia hupita ni pazuri kuliko kona iliyomiminiwa saruji. Ile desturi ya kumwaga chumvi na makaa shimoni hushusha ukinzani kwa muda, kisha mvua huisafisha chumvi baada ya kuwa imeanza kula chuma.

Baada ya fimbo, kagua soketi utakayoitumia. Majengo mengi ya mtaa huu yameongezwa ghorofa juu ya nyumba za awali, na nyaya zikaongezwa vivyo hivyo, kila awamu na fundi wake. Tundu la tatu la soketi si ushahidi kwamba kuna waya nyuma yake. Wapo wanaolifunga kwa kipande cha waya kutoka kwenye nyutro, ndani ya soketi ile ile, na kijaribio cha taa tatu kinachouzwa madukani kitawaka kana kwamba mambo ni shwari, kwa sababu hakiwezi kutofautisha erthi na nyutro. Hatari hujitokeza nyutro inapolegea mahali popote kati ya soketi hiyo na mita. Kifaa chochote kilichowashwa husukuma volti 240 hadi kwenye nyutro iliyokatika, kutoka hapo hadi tundu la erthi, kisha hadi kwenye chuma cha kifaa chako. Njia ya uhakika ni kuzima stima, kufungua soketi na kuangalia kwa macho, kisha kupima waya wa erthi kutoka hapo hadi kwenye fimbo. Fanya hivyo pia ukiwa katika jengo ambalo shawa ya maji moto huwasha vidole. Watu wamezoea kuoga wakiwa wamevaa champali, na mazoea hayo yamewafanya wasahau kwamba jengo linawaambia halina erthi.

Kuzima stima nako kuna utaratibu, na mita za tokeni zimeleta mtego mpya. Tokeni zikiisha, nyumba huonekana imekufa, na fundi hushawishika kuanza kazi bila kugusa swichi kuu. Lakini mwenye nyumba aliye kazini Industrial Area anaweza kununua tokeni kwa M-Pesa akatuma namba, mtoto akaibonyeza, na stima ikarudi mikono ya fundi ikiwa ndani ya soketi. Kukatika kwa stima ya mtaa ni vivyo hivyo: hakuna anayejua itarudi saa ngapi. Zima swichi kuu, ifungie au uibandike utepe na karatasi yenye jina lako, kisha thibitisha. Kuthibitisha kuna hatua tatu: jaribu kipimio mahali unapojua pana stima, pima unapotaka kufanya kazi, halafu rudi ukijaribu tena pale pa kwanza, maana kipimio kilichokufa na waya uliokufa hutoa jibu moja. Wala usitegemee rangi. Nyaya za sasa ni kahawia kwa laivu, bluu kwa nyutro, na kijani yenye mstari wa manjano kwa erthi. Za zamani ni nyekundu na nyeusi. Na katika jengo lililoongezwa mara tatu utakuta fundi alitumia rangi aliyokuwa nayo mkononi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wengi hulikosea hata baada ya kufanya yote hayo sawa. Korti imeamua kuweka kamera nne, kinasa picha kitakaa nyumba ya mwenyekiti, na kamera moja itafungwa ukutani mwa nyumba iliyo upande wa pili wa njia. Kebo inavutwa juu, inafungwa kwa waya wa kufungia, kazi imekwisha. Kilichofanyika ni kuunganisha nyumba mbili zenye mita mbili, fimbo mbili za erthi, na pengine fezi mbili tofauti za stima. Kama kamera ni ya zile za zamani zenye kebo ya koaksia, ganda la nje la kebo hiyo ni shaba inayogusana na sanduku la chuma la kinasa picha upande mmoja na chuma cha kamera upande mwingine. Siku laivu itakapogusa chuma katika nyumba ya jirani yenye erthi mbovu, volti 240 zitasafiri kwa ganda la kebo hadi sebuleni kwa mwenyekiti. Brekari yake ya kuvuja, hata iwe mpya na nzuri, haitakatika, kwa sababu mkondo huo haukutoka kwake na haupiti ndani yake. Unaweza kufunga nyumba yako kwa uangalifu wote, kisha ukaagiza hatari kutoka nyumba nyingine kwa kebo ya mita 30.

Radi hulifanya tatizo hilo kuwa kubwa zaidi, na haihitaji kukupiga moja kwa moja. Tuseme radi yenye ampea 10,000, ambayo si kubwa kwa radi, imeshuka kwenye jengo lenye erthi nzuri ya omu 10. Kwa sehemu chache za milioni za sekunde, jengo hilo zima hupanda hadi volti 100,000 likilinganishwa na ardhi ya mbali. Ndani yake hakuna anayehisi tofauti, maana kila kitu kimepanda pamoja. Tofauti ipo tu mahali ambapo waya unatoka kwenda nyumba nyingine ambayo haikupanda. Kebo ya mtandao ina transfoma ndogo kila upande, na kiwango cha kimataifa kinazitaka zistahimili volti 1,500. Volti 1,500 mbele ya 100,000 si kinga. Ndiyo sababu, baada ya mvua ya radi, utasikia kwamba kamera, swichi ya mtandao na rauta vimekufa pamoja katika nyumba mbili huku friji ikiwa nzima.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ndani ya jengo moja, kila kitu kifungwe kwenye erthi moja; kati ya jengo na jengo, shaba isipite. Pakilazimika kupita habari, zipite kwa redio au kwa faiba. Faiba ni kioo, haijui volti, na siku hizi vibadilishio vya faiba kwa kebo ya mtandao vinapatikana kwa urahisi mjini. Angalia jambo moja tu: faiba nyingi za kuning'inizwa nje zina uzi wa chuma wa kubebea uzito. Uzi huo ukatwe nje, kwenye ndoano ya ukutani, usiingie ndani wala usigusane na sanduku. Ukipuuza hilo umerudisha ile shaba kwa jina lingine. Kwa redio, rauta mbili ndogo zinazoangaliana kutoka ukuta hadi ukuta zinatosha kwa kamera za korti moja. Kanuni hii haikuzuliwa kwa ajili ya mwongozo huu. Vituo vya hali ya hewa vya TAHMO, vilivyofungwa katika shule nyingi za Kenya, hutumia sola na kutuma data kwa mtandao wa simu. Vihisi vya hewa vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, vilibuniwa ili viweze kutumia sola na laini ya simu pia. Sababu kubwa ni kwamba stima haitabiriki, lakini faida ya pili ni hii tunayoizungumzia: kituo kisicho na waya unaoingia katika jengo hakina njia ya kuliletea jengo hilo hatari.

Hapo mtu wa vihisi, hasa aliyesoma kijitabu cha mtengenezaji, atakuwa na pingamizi zuri. Kihisi cha gesi au cha kina cha maji hutoa ishara ndogo sana, na kelele za stima kutoka kwa pampu huichafua. Baadhi ya vijitabu hushauri kihisi kipewe erthi yake safi, na fundi akaelewa kwamba apige fimbo ya pili kando ya tangi, isiyogusana na ile ya jengo. Kuhusu kelele ana haki. Dawa yake ndiyo mbaya. Fimbo mbili zisizounganishwa ndani ya jengo moja ni zile nyumba mbili za korti zilizoletwa chini ya paa moja. Siku ya hitilafu, kifaa kinachogusa erthi zote mbili, au mkono wa fundi aliyezishika zote mbili, ndio daraja. Erthi safi iletwe kwa waya wake wenyewe hadi kwenye ile baa kuu ya erthi iliyo kando ya mita, isiungane na nyaya nyingine njiani, lakini mwisho wake uwe pale pale. Kama umepiga fimbo ya pili, iunganishe na ya kwanza kwa waya mnene wa shaba. Kelele utazipunguza kwa njia nyingine: kebo ya kihisi isilazwe pamoja na waya wa pampu katika bomba moja, zikikutana zikatane kama msalaba, na ganda la kebo lifungwe kwenye erthi upande wa kinasa data peke yake, upande wa kihisi likiachwa bila kugusa chochote.

Pingamizi lingine ni la wazee wa mtaa na halistahili kuchekwa: kwamba kuweka erthi juu ya paa ni kuita radi. Kinachoongeza nafasi ya radi kupiga ni urefu wa chuma juu ya vitu vilivyokizunguka, na mlingoti wa mita tatu juu ya ghorofa ya nne ni mrefu uwe na erthi au usiwe nayo. Tofauti ni njia radi itakayofuata ikishapiga. Bila waya wa erthi unaoshuka nje ya ukuta, itashuka kwa kebo ya kamera hadi sebuleni. Kwa hiyo, kwanza punguza urefu. Kihisi cha vumbi kinachopima hewa ya watu hakihitaji kuwa juu ya mlingoti. Mita mbili na nusu hadi nne kutoka ardhini, chini ya ukingo wa paa, hupima hewa ile watu wanayoivuta. Kama mlingoti ni lazima, uunganishe kwenye erthi ya jengo kwa waya unaoshuka nje bila kona kali. Pale kebo inapoingia ndani, weka kinga ya kuzuia msukumo wa volti, na waya wake wa erthi uwe mfupi. Hili la ufupi watu hulidharau. Msukumo wa radi huja kwa kasi kubwa mno, na kwa kasi hiyo hata waya mnene ulionyooka hupinga: mita moja yake inaweza kuwa na mamia ya volti kutoka ncha hadi ncha, na zaidi. Kinga iliyofungwa kwa waya wa mita nne uliozungushwa vizuri ukutani hupendeza macho na kulinda kidogo sana. Nusu mita ndiyo lengo.

Jambo linalorahisisha haya yote ni kuziacha volti 240 ndani. Adapta iliyoning'inizwa paani ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa, mtindo unaoonekana mno mtaani, ni mwaliko wa maji. Kamera zinazopokea stima kupitia kebo ile ile ya mtandao hutumia volti zisizozidi 57, na kebo inaweza kufika mita 100, kwa hiyo adapta hubaki ndani karibu na rauta ambako kuna erthi na brekari. Ila nunua kebo ya shaba halisi. Sokoni kuna nyingi ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona rangi ya fedha, irudishe. Alumini hiyo ina ukinzani zaidi, hupata joto ikibeba stima, na hukatika mahali ilipokunjwa. Na kamwe usitumie kebo ya mtandao kupeleka volti 240 kwenye taa ya geti eti kwa sababu imebaki vipande. Ngozi yake haikutengenezewa kazi hiyo. Adapta nazo, hasa zile za bei ya kutupa, ndipo ile kauli ya volti 5 inapovunjika: umbali wa milimita chache ndani yake ndio pekee unaotenganisha 240 na 5. Hata zile nzuri huvujisha kidogo mno kupitia kapasita, ndiyo maana chuma cha kamera huweza kukutekenya. Adapta moja haina neno, lakini nane zilizofungwa kwenye kinasa picha kimoja kisicho na erthi hujumlisha mivujo yao.

Paani kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kuvuta chochote. Mabati: ukingo wake hukata ngozi ya kebo taratibu upepo unapoitikisa, na bati lenye stima halionyeshi dalili, kwa hiyo pitisha kebo ndani ya bomba na uliwekee mpira panapopita kwenye bati. Kamba za kuanikia nguo: nyingi ni za waya wa chuma, zimefungwa kwenye nguzo za chuma, na anayezigusa ana mikono iliyolowa na nguo mbichi. Usifunge kebo juu yake, usitumie nguzo zake, na usipitishe kebo mahali itakapoangukia juu yake. Na nyaya za Kenya Power: ghorofa za Eastlands zimesogea barabarani hadi baraza nyingine ziko karibu mno na laini za volti 11,000, ambazo hazihitaji kuguswa ili zikuue. Kabla ya kuinua bomba la chuma, jiulize likianguka upande wowote litafika wapi. Kama jibu ni kwenye laini, kihisi kitafute mahali pengine.

Mpangaji atasema, na atakuwa amesema kweli, kwamba sehemu kubwa ya haya si mamlaka yake. Hawezi kupiga fimbo kwenye ploti ya mtu wala kufungua sanduku la brekari la landilodi, na landilodi wengi huona ombi la erthi kuwa gharama isiyoongeza kodi. Lakini mpangaji ana uhuru mmoja: anaweza kuchagua kifaa kisichoiuliza nyumba kitu. Kihisi cha hewa chenye betri na sola ndogo dirishani, kinachotuma data kwa wifi, hakiongezi hatari kwenye jengo bovu. Kamera ya betri ni hivyo hivyo. Kama kifaa lazima kichomekwe, ipo plagi yenye brekari ya kuvuja ndani yake, ambayo utahama nayo. Haihitaji erthi ili ikate stima mtu anapoguswa. Hatari inayobaki ni kebo ya chuma kutoka nyumba nyingine, na hiyo anaweza kuikataa mlangoni, hata ikiwa ni ya wifi ya bei nafuu inayovutwa paa hadi paa. Aulize kama ni faiba. Kama ni shaba, aombe redio.

Kuhusu fundi, kuvuta kebo ya kihisi ya volti 12 unaweza kujifanyia mwenyewe ukiwa makini. Kuongeza soketi, brekari au saketi ya volti 240 ni kazi ya mtu mwenye leseni ya EPRA, na kumwomba akuonyeshe kadi yake si kumkosea adabu. Mwulize maswali mawili. Erthi ya jengo hili ni omu ngapi, na ulipima kwa kifaa gani? Anayejibu kwa kutaja tesita ya bisibisi hajapima, kwa sababu tesita hiyo huonyesha kuna stima au hakuna, basi. Wapo wanaoona gharama ya kipimo ni hasara tupu kwa kuwa nyumba imekaa miaka 20 bila tatizo. Miaka hiyo 20 nyumba haikuwa na mlingoti paani, kebo ya kwenda kwa jirani, wala kihisi cha chuma ndani ya tangi la maji ambamo kila mtu huchota kuoga.

Kazi ikiisha, bandika karatasi ndani ya kifuniko cha sanduku: kila kebo inatoka wapi kwenda wapi, erthi ilikuwa omu ngapi na mwezi gani, na brekari ipi inazima nini. Fundi atakayekuja baadaye huenda asikujue, na karatasi hiyo itamzuia kukisia. Bonyeza kitufe cha T kila miezi mitatu. Baada ya mvua fungua sanduku la nje uangalie maji na sisimizi, ambao hupenda joto la adapta, na uone kama kebo bado ina mkunjo unaoning'inia chini ya tundu ili maji yadondoke kabla ya kuingia. Februari pima erthi tena. Ukibonyeza T na stima isikatike, zima swichi kuu na umwite fundi siku hiyo hiyo. Geti linaweza kulala usiku mmoja bila kamera.